Ameshuka Salama

Mkurugenzi lilikuwa jina la utani. Mumewe, fundi wa majokofu, ndiye aliyembandika jina hilo siku mkewe aliporudi nyumbani na sanduku la vitabu vyake vya kufundishia, akatangaza kwamba ameacha ualimu na anaanzisha kampuni. Fundi alicheka mpaka akajishika mbavu. "Basi karibu, Mkurugenzi," akasema, na jina likashika mtaa mzima. Mwaka wa kwanza lilikuwa jina la mahaba. Kufikia mwaka wa tatu, fundi alikuwa analitamka kama mtu anayetaja maradhi ya kwao.

Kampuni yenyewe ilikuwa magari matatu madogo ya kubeba watoto wa shule, pamoja na programu ya simu iliyomjulisha mzazi mtoto wake amefika wapi: amepanda, yuko njiani, ameshuka. Programu iliandikwa na mdogo wake fundi, kijana aliyekuwa na kazi nzuri benki akaiacha ili aingie ubia na shemeji yake. Katika kila gari kulikuwa na dereva mbele na matroni nyuma. Matroni ndiye aliyewafunga watoto mikanda, akawapangusa kamasi, akaamua ugomvi wa nani akae dirishani. Kila mtoto alipoteremka, matroni aligusisha kadi ya mtoto huyo kwenye simu, na papo hapo ujumbe ukaruka kwa mzazi. Wazazi waliupenda ujumbe ule kuliko gari lenyewe.

Halafu akaja mwekezaji.

Alikuwa mtu mstaarabu, mwenye sauti ya chini na tabia ya kuuliza swali kisha kunyamaza, mpaka anayeulizwa ajikute amejibu zaidi ya alivyokusudia. Alikuwa tayari kutia mtaji wa magari ishirini. Lakini aliuliza: kwa nini gari moja linafanya safari moja tu asubuhi? Na hawa akina mama wa kule nyuma, wanafanya kitu gani ambacho simu haiwezi kufanya?

"Sisemi uwaondoe," aliongeza. "Nasema tu, hesabu zako zingependeza zaidi."

Mkurugenzi alizunguka na maneno hayo siku nyingi. Akiwa jikoni alifikiria ofisi, akiwa ofisini alifikiria mkopo, na popote alipoketi goti lake lilikuwa likicheza lenyewe mpaka watu wamshike. Mwishowe aliwaita matroni wote watatu, akawaambia wapumzike kwa muda mpaka mambo yakae sawa. Kila gari likaongezewa safari ya pili. Shemeji naye akatia kitufe kipya kwenye programu, ili dereva asihangaike na kadi za watoto: Wote Wameshuka. Kikibonyezwa mara moja, wazazi wote wanapata ujumbe.

Jioni hiyo fundi hakugomba. Alimaliza chai yake, akakisukuma kikombe pembeni, akasema, "Mtoto nitampeleka shule mwenyewe."

"Fundi, jamani."

"Nimesema nini kibaya? Napita njia ile ile."

Hakuwa anapita njia ile. Karakana yake ilikuwa upande mwingine kabisa wa mji. Mkurugenzi alijua hivyo, na fundi alijua kwamba mkewe anajua, na hakuna aliyefungua mdomo tena. Kesho yake mtoto wao wa kiume alipanda nyuma ya pikipiki ya baba yake, furaha tele, na gari la kampuni likapita mbele ya mlango wao likiwa limejaa watoto wa watu.

* * *

Siku ya kutia saini, Mkurugenzi aliazima viatu vya jirani. Vilikuwa virefu na vyembamba, na alipokatiza sebuleni fundi alimtazama kutoka kwenye kochi.

"Unavivaa au vinakuvaa?"

"Niombee heri, acha maneno."

"Nimeshakuombea sana. Sasa naombea hivyo visigino."

Alitoka akicheka. Kwa muda mrefu hakuwa ametoka nyumbani kwake akicheka, na alikuja kuukumbuka mcheko ule baadaye kwa uchungu.

Ofisi ya mwekezaji ilikuwa ghorofa ya juu, na kiyoyozi kilipuliza baridi mpaka vidole vikafa ganzi. Shemeji alikuwa amefika mapema, shati limepigwa pasi, kompyuta iko wazi. Mwekezaji alikuwa anapitia hesabu ukurasa kwa ukurasa, akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii ndiyo kampuni sasa," alisema. "Mwanzo ilikuwa huduma ya jamii."

Walicheka wote watatu. Simu ya Mkurugenzi ikatetemeka juu ya meza. Ilikuwa ni mlinzi wa yadi yanakolala magari. Akaikata. Ikatetemeka tena, akaikata tena, akaigeuza kifudifudi.

"Pokea tu," mwekezaji alisema. "Huenda ni mtoto."

"Siyo mtoto. Mambo ya yadi tu hayo."

Ndipo ikalia ya shemeji. Alipokea akiwa bado na tabasamu, akasikiliza, na tabasamu likabaki usoni pake kama kitu kilichosahauliwa huku macho yakibadilika.

"Shemeji, twende."

"Tunamalizia jamani, ni saini tu iliyo—"

"Shemeji. Twende sasa hivi."

Alimweleza wakiwa kwenye ngazi, maana lifti ilichelewa na hakuna aliyeweza kuisubiri. Ilikuwa gari la Taratibu. Taratibu ndiye dereva wao mkongwe kuliko wote, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akimpita mtu barabarani. Asubuhi hiyo safari ya kwanza ilichelewa, ya pili ikabidi aikimbize. Getini mwa shule magari yalikuwa yanampigia honi kwa nyuma, askari anampungia mkono aondoke. Watoto waliruka chini kama maharage yaliyomwagika. Taratibu akabonyeza kitufe akiwa kwenye usukani, akaondoka, akaenda kuegesha yadini juani, akafunga milango, akaenda kunywa chai. Binti mmoja wa darasa la kwanza alikuwa amelala kiti cha mwisho, ameteleza chini katikati ya mabegi ya michezo. Mwalimu wake aliona hayupo akadhani anaumwa. Mwosha magari ndiye aliyemkuta, alipofungua mlango ili apige deki. Kufikia wakati huo bati la gari lilikuwa halishikiki kwa moto.

"Yuko hai?" Mkurugenzi aliuliza.

"Wamempeleka hospitali."

"Nimekuuliza, yuko hai?"

"Sijui, shemeji. Hawakuniambia."

Alivua viatu vya jirani, akavishika mkononi, akashuka ngazi zilizobaki akikimbia.

* * *

Mama wa mtoto alikuwa muuzaji wa duka la dawa, na alikuwa bado amevaa koti lake jeupe la kazini, hata wagonjwa waliopita koridoni walisimama kumuuliza mambo wakidhani ni daktari. Alikuwa amesimama wima nje ya mlango wa wodi ya watoto. Halii, hapayuki. Mkurugenzi alipomkaribia alijikuta anapunguza mwendo, kama mtu anayekaribia maji asiyojua kina chake.

"Mama, mtoto…"

"Yupo. Amefungua macho. Wamemtundikia maji. Hawajui bado kama kichwa chake kiko sawa, wanasema tusubiri."

"Namshukuru Mungu. Mama, sijui niseme—"

"Usiseme. Soma." Alimpa simu yake. "Soma kwa sauti. Si ulikuwa mwalimu?"

Mkurugenzi alitazama kioo cha simu. Aliyafahamu maneno yale. Aliyatunga mwenyewe, jikoni kwake, na alikuwa ameyapangua na kuyapanga tena mpaka yakamridhisha. "Mzazi mpendwa," akasoma, "mtoto wako ameshuka salama. Siku njema."

"Nikausoma huo ujumbe, nikatabasamu, nikaendelea kuuza dawa," mama alisema. "Kabla yenu nilikuwa napiga simu shuleni kila asubuhi. Walimu walikuwa wamenichoka. Walinipa jina, Mama Kengele. Usingekuja huo ujumbe, leo pia ningepiga. Nyinyi ndio mlioniambia nitulie."

Mkurugenzi alimnyooshea simu kwa mikono miwili.

"Vaa viatu vyako uende," mama alisema, akachukua simu yake. "Hapa sakafuni wamepiga deki kwa dawa."

* * *

Kituoni, polisi wa kaunta alimpima Mkurugenzi kwa macho toka juu hadi chini. "Wewe ndiye tajiri wake?"

"Mimi ndiye."

"Tajiri mwenyewe umechakaa hivi?" Akacheka peke yake, akamleta Taratibu.

Walikuwa wamemvua mkanda, kwa hiyo alitembea akiwa ameishika suruali kwa mkono mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu. Mkurugenzi alikuwa amemnunulia chupa ya maji. Alimsogezea.

"Mtoto?" Taratibu aliuliza.

"Amefungua macho."

Mzee alifumba yake. Midomo ikamcheza kwa dua. Alipoyafumbua, yalikuwa mekundu na makali.

"Mimi nimekosa. Sikugeuka kuangalia nyuma. Hilo nitalibeba mpaka kaburini, wala sihitaji polisi anikumbushe. Lakini Mama, mimi nilikupigia simu au sikukupigia?"

"Ulinipigia."

"Nikakwambia nini?"

"Ukaniambia safari mbili bila matroni haziwezekani."

"Ukanijibu nini?"

Polisi wa kaunta alikuwa ameacha kuandika. Mkurugenzi alitazama meza. "Nikakwambia uvumilie mpaka mkataba utiwe saini."

"Basi," Taratibu alisema, akaisukuma chupa ya maji ikarudi upande wake. "Maji yako sitaki. Nataka maneno hayo uyaseme mahali watu wanaposikia. Humu ndani naambiwa mimi ni mlevi. Mimi, ambaye hata soda ikichachuka inanilewesha."

* * *

Shemeji alikuwa anamsubiri sebuleni, kompyuta mapajani, na fundi alikuwa sakafuni na feni iliyofunguliwa matumbo, anaichokoa bila haja, maana haikuwa mbovu. Mtoto wao alikuwa chumba cha pili anacheza na magari ya maboksi, akipiga honi kwa mdomo.

"Nimeongea na mwekezaji," shemeji alisema. "Mwanasheria wake ameshatuandikia taarifa. Kesho kutwa kuna mkutano wa wazazi shuleni, unaisoma, basi. Sikiliza: 'Kampuni imesikitishwa na uzembe wa dereva, ambaye tumeshamwachisha kazi. Mfumo wetu ulifanya kazi ipasavyo.' Mkataba bado uko mezani. Anasema kila kampuni inayokua hupitia kitu kama hiki."

"Kitu kama hiki," Mkurugenzi alirudia.

"Ni maneno yake, si yangu."

"Na wakiuliza matroni walikwenda wapi?" fundi aliuliza kutoka sakafuni.

"Kaka, hakuna atakayeuliza. Watu wana hasira na mtu, hawana hasira na mfumo. Tuwape mtu."

"Mtu mwenyewe ana jina."

"Na mimi sina?" Shemeji alisimama, kompyuta nusura ianguke. "Niliacha kazi kwa ajili ya hii kampuni. Nalala kwenye chumba ambacho nikinyoosha miguu nagusa mlango. Kwao mchumba wangu wananiita mhuni wa kompyuta. Nimevumilia kwa sababu shemeji aliniambia tunajenga kitu. Leo kimebaki kidogo tu, kidogo hivi! Mtoto amepona. Dereva atalipiwa faini, mwanasheria atamtoa, tutampa chochote apumzike. Nani ataumia? Lakini shemeji akisimama pale akajitia utakatifu, tunazikwa wote. Na magari hayataongezeka, na wale watoto watarudi kudandia malori. Hilo ndilo jema?"

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomchosha Mkurugenzi kuliko yote: kila alichosema kilikuwa na mantiki, na yeye mwenyewe usiku uliopita angeweza kukisema kwa ufasaha zaidi. Alichukua ile taarifa, akaahidi ataisoma. Shemeji akaaga bila kumaliza chai.

Walipobaki wawili, fundi aliendelea kuisokota skrubu ile ile, anaikaza, anailegeza.

"Sema basi," Mkurugenzi alisema. "Sema uliniambia."

"Sikukwambia."

"Ulimtoa mtoto wako kwenye gari."

"Ndiyo. Nilimtoa wangu. Nikaliona gari likipita asubuhi na watoto wa wenzangu, nikawapungia mkono." Aliweka bisibisi chini. "Tungegombana siku ile. Ungenitukana, ningekutukana, majirani wangekuja. Labda ungewarudisha wale akina mama kwa kuona aibu tu. Badala yake nikasema napita njia ile ile. Tangu mchana najiuliza, huu ulikuwa upole au nini?"

"Na mimi nikakubali kwamba unapita njia ile ile."

"Ukakubali."

Chumba cha pili mtoto alipiga honi, akamfokea abiria asiyeonekana akae vizuri. Mkurugenzi aliinuka kwenda jikoni, akarudi, akaenda dirishani, akarudi. Goti lilikuwa limeacha kucheza. Sasa alikuwa anahangaika mwili mzima.

"Kaa," fundi alimwambia.

"Siwezi."

"Basi tembea. Mimi nipo."

* * *

Mkutano ulifanyika katika darasa la watoto wadogo, kwa hiyo wazazi walikalia viti vidogo, magoti yamefika kifuani, na hiyo haikuwapunguzia hasira. Mwalimu mkuu alifungua kwa maneno marefu ya kuiosha shule mikono. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alisimama mama wa mtoto na koti lake jeupe. Mwekezaji hakuja, alituma kijana wa ofisini kwake, aliyekaa kando akiwa na simu tayari kurekodi. Shemeji alikuwa mstari wa mbele. Fundi alisimama dirishani.

Mkurugenzi alikunjua taarifa. Alisoma sentensi ya kwanza, kwamba kampuni imesikitishwa na uzembe wa dereva, na sauti yake ikatoka nzuri, sauti ya darasani. Shemeji alitikisa kichwa kumpa moyo.

"Ngoja kwanza," mzee mmoja alisema. Alikuwa babu anayelea wajukuu wawili, na alikuwa ameketi huku fimbo yake imelala miguuni. "Mimi sijui mambo ya kisheria. Nauliza tu. Wewe si una mtoto hapa hapa shuleni?"

"Ninaye, baba."

"Na yeye hupanda gari hilo?"

Swali halikuwa na hila. Babu aliuliza kama mtu anayetafuta kutulizwa. Alitaka kusikia ndiyo ili apate kisa cha kuendelea kuwapandisha wajukuu zake. Mkurugenzi alimwona shemeji akitikisa kichwa, safari hii kushoto na kulia, kumwonya. Angeweza kusema ndiyo. Hata isingekuwa uwongo mtupu: miaka miwili na zaidi mtoto alipanda.

"Alikuwa anapanda," akasema. "Siku nilipowaondoa matroni, mume wangu alianza kumpeleka mwenyewe. Na mimi nikamwacha ampeleke."

Kijana wa mwekezaji aliinua simu juu kidogo.

"Rudia," mama mmoja alisema.

"Matroni niliwaondoa mimi, ili hesabu zipendeze kwa mtu aliyetaka kutupa mtaji. Dereva alinipigia akaniambia haiwezekani. Nikamwambia avumilie. Kile kitufe kilichowatumia ujumbe, niliomba kiwekwe mimi, ili dereva asipoteze muda wa kuangalia. Kwa hiyo niliposoma hapa uzembe wa dereva…" Aliitazama karatasi, akaikunja. "Amekosa, na amekiri kwamba amekosa. Lakini mimi niliona hatari, nikamwondoa wangu, nikawaacha wenu."

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka barabarani. Viti vidogo vilianguka. Mama mmoja alimwita muuaji, mwingine akamwita mwizi. Baba mmoja alidai arudishiwe ada ya muhula mzima hapo hapo, tena taslimu. Mtu alirusha chaki, ikampata Mkurugenzi shingoni na kuacha alama nyeupe, naye hakuipangusa. Babu mwenye wajukuu alikuwa anaitafuta fimbo yake miguuni mwa watu, na aliyeinama kumwokotea alikuwa fundi. Babu aliipokea bila kumtazama usoni.

Shemeji alipita kando ya Mkurugenzi akielekea mlangoni. Hakupiga kelele. "Umejisikia vizuri sasa?" aliuliza.

"Hapana," Mkurugenzi alijibu, na lilikuwa jibu la kweli. Alikuwa ametarajia mzigo utashuka. Haukushuka, ulihamia bega lingine tu.

Alipotazama tena mlangoni, koti jeupe halikuwapo.

* * *

Mambo yaliyofuata yalikwenda kama yanavyokwenda. Mwekezaji alijiondoa kwa ujumbe wa heshima wenye kuwatakia kila la heri. Polisi walimwachia Taratibu kwa dhamana, na Mkurugenzi akaitwa kuandika maelezo yake. Kesi ikawa ya watu wawili, na ikamalizika kwa faini kubwa na karipio ambalo hakimu alilitoa huku akimtazama Mkurugenzi peke yake. Magari mawili yaliuzwa. Shemeji alirudi kwenye ajira, akaja siku moja kuchukua kompyuta yake wakati anajua Mkurugenzi hayupo. Kaka yake alimbembeleza akae ale. Alikula, akanawa, akasema, "Sina kinyongo," kwa sauti iliyojaa kinyongo, akaondoka.

Mkurugenzi alikwenda kwa Taratibu kumwomba arudi. Alimkuta anafunga kamba za viatu, anawahi kazini. Alikuwa amepata lori la kokoto.

"Nakushukuru kwa uliyoyasema," mzee alimwambia. "Wajukuu zangu walikuwa wanazomewa, wameacha kuzomewa. Lakini watoto sibebi tena. Nabeba kokoto. Kokoto hazisinzii."

Binti alipona. Kwa muda aliogopa vyumba vilivyofungwa, akalala mlango ukiwa wazi, lakini kichwa kilikuwa sawa na alirudi darasani kabla ya muhula kwisha. Mama yake alimpeleka kwa miguu, amemshika mkono.

Wazazi wengi hawakurudi. Waliorudi hawakurudi kwa sababu wamesamehe. Walirudi kwa sababu wanatoka nyumbani alfajiri na hawana mtu mwingine. Babu alikuwa wa kwanza. "Miguu yangu ingeniruhusu, nisingekuja kwako," alimwambia waziwazi, na Mkurugenzi akaitikia, "Najua, baba." Mmoja wa matroni alikubali kurudi, kwa sharti alipwe mwanzo wa mwezi na si mwisho, naye akalipwa. Wakaajiri dereva mwanamke, mkimya. Mtoto wa Mkurugenzi alirudi kwenye gari, akanung'unika kwamba pikipiki ilikuwa tamu zaidi. Na wazazi waliweka sharti lao: kila asubuhi getini, watoto wakishateremka, mzazi yeyote aliyepo ana haki ya kuingia ndani na kuangalia kwa macho yake kabla gari halijaondoka.

Asubuhi ya kwanza, gari lilisimama getini, na matroni akawateremsha watoto mmoja mmoja, akigusa kichwa cha kila mmoja kwa kiganja. Mkurugenzi alisimama barabarani ameshika mlango. Nyuma yao magari yalianza kupiga honi. Askari wa geti akapunga mkono waondoke.

"Bado," Mkurugenzi alimwambia.

Mama wa binti alikuwa anafika na mwanawe. Alimkabidhi mtoto kwa mwalimu wa zamu, akamsubiri mpaka akapotelea ndani. Kisha, badala ya kugeuka kwenda dukani kwake, alivuka barabara, akampita Mkurugenzi bila salamu, akapanda garini. Hakuwa na mtoto mle. Alianza kiti cha mbele. Aliinama chini ya kila kiti, akainua zulia, akapitisha mkono nyuma ya mifuko ya mipira, akafika kiti cha mwisho na akapiga magoti pale, koti jeupe likiburuzika sakafuni. Alikaa pale muda. Honi ziliongezeka, mtu alitoa kichwa dirishani akatukana. Dereva mkimya alimtazama Mkurugenzi kwenye kioo. Mkurugenzi alitikisa kichwa: ngoja.

Hatimaye mama aliinuka, akajipangusa magoti, akashuka.

"Hakuna mtu," alimwambia dereva. "Nenda."

Halafu akamgeukia Mkurugenzi, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya hospitali akamtazama machoni.

"Kesho nitakuja tena."

"Njoo, mama."

"Na kesho kutwa."

Mkono wa Mkurugenzi ulikuwa bado kwenye kitasa.

"Njoo," alisema. "Utanikuta."